Mtungo wa Herufi Kama Ufunguo: Jedwali la Hashi na Swali la Umoja wa Neno

1.0 Utangulizi

Mtunga kamusi wa zamani alikuwa na kadi na sanduku. Kila alipokutana na neno katika matini aliliandika juu ya kadi pamoja na sentensi lilimotokea, kisha akaipanga kadi hiyo kwa alfabeti miongoni mwa nyingine. Kazi ilikuwa ya polepole na ya kuchosha, lakini ilikuwa na faida moja ambayo aghalabu hatuitaji: kila kadi ilipita mikononi mwa mtu aliyeijua lugha. Akikuta kadi mbili zenye neno moja lililoendelezwa kwa njia mbili, aliziunganisha. Akikuta umbo moja lenye maana mbili zisizohusiana, alizitenga. Uamuzi kwamba hili na lile ni neno moja ulikuwa wake.

Katika miongo ya karibuni kazi hii imehamia katika tarakilishi. Mtafiti huingiza matini yenye maneno mamia ya maelfu, na baada ya muda mfupi hupewa orodha ya maneno pamoja na idadi ya mara ambazo kila moja limetokea. Orodha hiyo huonekana kuwa hesabu tupu, nasi huipokea kama tupokeavyo hesabu, pasipo kuihoji. Lakini ndani yake mna maelfu ya maamuzi kwamba neno hili na lile ni moja au si moja, na maamuzi hayo hayakufanywa na mwanaisimu.

Makala haya yananuia kueleza kifaa kinachofanya maamuzi hayo, yaani jedwali la hashi ambalo funguo zake ni mitungo ya herufi, kama linavyopatikana katika maktaba za lugha za programu zitumikazo sana. Tutaeleza linavyofanya kazi, kisha tutaonyesha mahali ambapo usawa wa mitungo na umoja wa neno huachana njia. Hoja yetu ni kuwa jedwali hili ni aminifu mno kwa herufi, na ni kipofu kabisa kwa neno. Kwa hiyo jukumu la kuamua neno ni lipi haliwezi kuachiwa mtengenezaji wa programu peke yake. Ni jukumu la mtaalamu wa lugha, naye yampasa alitekeleze kabla ya ufunguo wa kwanza kuingia jedwalini.

2.0 Istilahi

Kwanza tukubaliane kuhusu istilahi. Tarakilishi haijui neno. Inajua herufi zilizofuatana, pamoja na nafasi na alama za uakifishaji, kila moja ikiwa imepewa nambari yake. Mfuatano huu tutauita mtungo wa herufi, au mtungo kwa ufupi. Istilahi hii si ngeni kwa msemaji wa Kiswahili. Mvuvi hutunga samaki akapata mtungo wa samaki, na shanga nazo hutungwa katika uzi. Mtungo ni vitu vilivyofuatana katika uzi mmoja. Ukibadilisha mfuatano umepata mtungo mwingine, hata kama shanga ni zile zile.

Maktaba, katika muktadha huu, si chumba cha vitabu. Ni akiba ya taratibu zilizotayarishwa na watunzi wa lugha ya programu ili mtumiaji asilazimike kuzibuni upya. Jedwali ni mojawapo ya taratibu hizo. Hutunza vitu kwa jozi: upande mmoja ufunguo, upande wa pili thamani. Katika kamusi, ufunguo ni kidahizo na thamani ni maelezo yake. Katika orodha ya idadi za maneno, ufunguo ni mtungo na thamani ni nambari.

Neno hashi tumelikopa lilivyo. Asili yake katika Kiingereza ni kitendo cha kukatakata na kuchanganya, mithili ya mpishi akatakatavyo nyama. Kama tutakavyoona, ndivyo mtungo unavyotendwa.

3.0 Jinsi Jedwali Linavyofanya Kazi

Tuseme tuna maneno elfu hamsini, na tunataka kujua kama neno mila limo. Njia ya kwanza ni kupitia orodha yote toka mwanzo hadi mwisho. Njia ya pili ni ile ya kamusi: kupanga maneno kwa alfabeti, kufungua katikati, kuona kama neno letu liko mbele au nyuma, na kuendelea kugawa nusu kwa nusu. Kwa maneno elfu hamsini hatua hizo hazizidi kumi na sita. Njia ya tatu ni kuacha kutafuta na badala yake kukokotoa, kutokana na herufi za neno lenyewe, mahali linapostahili kukaa.

Njia hii ya tatu ilielezwa na Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM, nchini Marekani, katika waraka wa ndani wa Januari 1953. Mwaka 1956 Arnold Dumey alichapisha makala kuhusu wazo hilo, na mwaka uliofuata W. W. Peterson akachapisha uchambuzi wake. Mwaka 1973 Donald Knuth alilishughulikia kwa kina katika juzuu ya tatu ya The Art of Computer Programming. Leo ni nadra kupata lugha ya programu ambayo maktaba yake haina jedwali la namna hii.

Tufikirie ukuta wenye mashubaka saba yaliyopewa nambari 0 hadi 6. Tunahitaji kanuni ya kuupokea mtungo wowote na kutupa nambari ya shubaka. Kanuni iliyo rahisi kuliko zote ni kuzipa herufi nambari, a ikiwa 1, b ikiwa 2, hadi z ambayo ni 26, kisha kujumlisha. Chukua neno mali: m ni 13, a ni 1, l ni 12, i ni 9. Jumla ni 35. Lakini mila nalo ni 35, na vivyo hivyo lima, lami na imla. Maneno matano yasiyohusiana kwa lolote yamepelekwa mahali pamoja, kwa kuwa kanuni ya kujumlisha inazijua shanga ila haiujui mfuatano wake.

Kanuni bora hutilia maanani nafasi ya kila herufi. Tuanze na sifuri. Kwa kila herufi, tuzidishe tulicho nacho kwa 31, kisha tuongeze nambari ya herufi hiyo. Matokeo ni haya:

mali: 388625
mila: 396305
lima: 366545
lami: 358865
imla: 280985

Tukigawanya kila nambari kwa 7 na kuchukua baki, mali linaangukia shubaka la 6, mila la 0, lima la 4, lami la 3 na imla la 5. Yote matano yametengana. Anayelitafuta mila hahitaji kuyapitia mengine. Hukokotoa, akapata 0, akaenda moja kwa moja.

Hata hivyo, mashubaka ni saba na maneno ya lugha ni maelfu. Hapana budi mawili yakutane. Neno paka, kwa kanuni hiyo hiyo, ni 477959, na baki yake kwa 7 ni 6. Limemkuta mali ndani. Huu huitwa mgongano, nao si kosa. Ni jambo linalotarajiwa. Maktaba zina njia mbili kuu za kulikabili. Ama shubaka moja huruhusiwa kuwa na orodha fupi ya vitu kadhaa, ama mgeni hutafutiwa shubaka jingine lililo wazi kwa utaratibu maalumu. Jedwali likijaa, hupanuliwa na vyote vilivyomo hupangwa upya.

Kutokana na mgongano tunapata jambo la msingi katika makala haya. Nambari ya hashi hutufikisha shubakani tu, haituambii kama tumelipata neno. Tukifika shubaka la 6 na kukuta mali na paka, yatupasa tuulinganishe mtungo tunaoutafuta na kila uliomo. Kwa hiyo jedwali hufanya kazi mbili tofauti: hukokotoa mahali, kisha huuliza swali la usawa. Kazi ya kwanza ni ya hisabati. Ya pili, kama tutakavyoonyesha, inagusa isimu.

4.0 Kanuni ya Hashi na Maumbo ya Maneno

Kanuni tuliyoieleza ndiyo itumiwayo na mitungo katika maktaba ya Java, ila huko herufi hutumia nambari za Unicode, ambamo a ndogo ni 97, na jibu hubanwa katika biti 32. Tukiitazama kwa jicho la lugha inatoa tokeo la kuvutia: maneno mawili tofauti yenye herufi sita au pungufu, yaliyoandikwa kwa herufi ndogo za a hadi z pekee, hayawezi kupata nambari moja. Sababu ni kuwa tofauti kati ya herufi mbili zozote ndogo haizidi 25, ambayo ni chini ya 31, na katika urefu huo jibu halijavuka mpaka wa biti 32. Kuanzia herufi saba dhamana hiyo huondoka. Herufi kubwa zikichanganywa na ndogo huondoka mapema zaidi: mtungo Aa na mtungo BB yote ni 2112.

Kanuni mbaya hudhihirika pale inapokutana na lugha yenye maumbo yanayorudiarudia. Tuseme mtengenezaji, kwa kutaka kuokoa muda, anatumia herufi mbili za mwanzo na moja ya mwisho. Kwa lugha nyingine huenda kanuni hiyo ikafaa kwa kiasi. Kwa Kiswahili ni balaa. Kusoma, kupika, kuimba, kucheka na kulima yote huanza kwa ku na kuishia kwa a. Wanasoma, wanapika na wanaimba yote huanza kwa wa na kuishia kwa a. Viambishi awali vyetu ni vichache na hutumika mno, na maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu. Taarifa inayolitofautisha neno moja na jingine imo katikati, katika mzizi, mahali ambapo kanuni hiyo haitazami.

Jambo la namna hii limewahi kutokea, ingawa si kwa sababu ya Kiswahili. Matoleo ya awali ya Java hayakusoma herufi zote za mitungo mirefu, yaliruka baadhi. Mitungo mirefu iliyofanana kwa sehemu kubwa, mathalani anwani za intaneti, ikarundikana pamoja. Kanuni ilibadilishwa katika toleo la 1.2 la mwaka 1998, na tangu hapo kila herufi husomwa.

5.0 Jedwali Halina Alfabeti

Msomaji wa kamusi amezoea maneno yaliyojirani kwa herufi. Katika jedwali la hashi ujirani huo haupo. Mila na mali, mila na milango, hukaa popote hesabu ilipowapeleka. Ukiliomba jedwali likutolee vyote vilivyomo, mpangilio utakaoupata hauna maana ya kiisimu.

Wala mpangilio huo si lazima uwe ule ule kila mara. Mwaka 2003 Scott Crosby na Dan Wallach walionyesha kwamba mtu mwenye nia mbaya, akiijua kanuni ya hashi, anaweza kutunga mitungo mingi inayoangukia shubaka moja na hivyo kulilemaza jedwali. Desemba 2011, katika mkutano mjini Berlin, Alexander Klink na Julian Wälde walionyesha kuwa hatari hiyo ilizikabili lugha nyingi zinazotumika katika intaneti. Mojawapo ya tiba ni kuingiza nambari ya siri ya kubahatisha ndani ya kanuni kila programu inapoanza. Python ilifanya hivyo kuwa kawaida katika toleo la 3.3 la mwaka 2012. Kwa hiyo mtungo mmoja hupata hashi moja leo na nyingine kesho. Tangu toleo la 3.7 la mwaka 2018, jedwali la Python huahidi kuhifadhi mpangilio ambao funguo ziliingizwa, lakini seti za mitungo hazina ahadi hiyo, wala HashMap ya Java haina.

Funzo kwa mtafiti ni kuwa orodha sharti ipangwe waziwazi kabla ya kuchapishwa. Hata hapo kuna mtego. Upangaji unaofuata nambari za herufi tu huweka herufi kubwa zote mbele ya ndogo, hivi kwamba Zanzibar hutangulia asali. Mpangilio wa alfabeti ni kaida ya kijamii, nayo haina budi kuelezwa.

6.0 Usawa: Kitu Kimoja au Herufi Zile Zile?

Tulisema kwamba jedwali, likishafika shubakani, huuliza swali la usawa. Swali hilo lina majibu zaidi ya moja, na lugha za programu hutofautiana katika kulijibu.

Tuchukue Common Lisp, lugha iliyoelezwa katika kitabu cha Guy Steele cha mwaka 1984 na kupewa kiwango rasmi cha Marekani mwaka 1994. Jedwali likiundwa bila maagizo ya ziada hutumia kipimo kiitwacho eql. Kwa mitungo, kipimo hicho hakiulizi kama herufi ni zile zile. Huuliza kama mitungo hiyo miwili ni kitu kimoja katika kumbukumbu ya tarakilishi. Neno mila lililosomwa katika ukurasa wa 10 na neno mila lililosomwa katika ukurasa wa 90 ni vitu viwili, kama vile kadi mbili za karatasi zilivyo vitu viwili hata zikiandikwa neno moja. Mtafiti asiyejua hili akihesabu maneno ya riwaya nzima atapata orodha inayodai kwamba kila neno limetokea mara moja tu. Neno na litajitokeza mara maelfu katika orodha, kila mara likiwa na idadi ya 1.

Dawa ni kuliagiza jedwali litumie kipimo cha equal, ambacho hulinganisha herufi kwa herufi. Kipo pia kipimo cha equalp, ambacho hupuuza tofauti ya herufi kubwa na ndogo. Kwa mtaalamu wa lugha, uchaguzi huu unastahili kutazamwa kwa makini. Kuchagua kipimo ni kuchagua nadharia ya maandishi: je, umbo la herufi kubwa ni sehemu ya neno au ni pambo la mwanzo wa sentensi?

Katika Java alama ya usawa maradufu huuliza kuhusu kitu, na utaratibu wa equals huuliza kuhusu herufi. Majedwali hutumia equals. Katika Python majedwali hulinganisha herufi. Kote kuna sheria moja isiyovunjika: vitu viwili vikihesabiwa kuwa sawa, sharti viwe na nambari moja ya hashi. Kinyume chake si lazima, kwani mali na paka vilikutana bila kuwa sawa. Lakini ukiamua kwamba Mila na mila ni neno moja, na kanuni ya hashi ikaendelea kuzitofautisha, utalitafuta moja katika shubaka ambamo jingine halikuwekwa kamwe. Hutaambiwa kuwa umekosea. Utaambiwa neno halimo.

Kuna sheria ya pili inayohusu ufunguo wenyewe: usibadilike baada ya kuwekwa. Tufikirie mtu aliyeipanga kadi ya mali mahali pake, kisha akalifuta neno na kuandika paa bila kuihamisha kadi. Anayelitafuta paa chini ya P hataipata, na anayekuja chini ya M hatalikuta mali. Kwa sababu hiyo mitungo ya Java na Python haibadiliki kabisa: ukitaka tofauti, huundwa mtungo mpya. Mitungo ya Lisp hubadilika, na mtumiaji huachiwa tahadhari. Ruby huchukua njia ya kati, kwa kunakili mtungo unaotumiwa kama ufunguo na kuigandisha nakala hiyo isibadilike.

7.0 Neno Moja, Funguo Nyingi

Tuchukulie sasa kwamba kipimo cha usawa kimechaguliwa ipasavyo na herufi zinalinganishwa moja moja. Hapo ndipo uaminifu wa jedwali kwa herufi unapoanza kutudhuru.

Mfano wa kwanza ni ng'. Sauti hii huandikwa kwa kibainishi, nacho katika Unicode kina sura zaidi ya moja. Kuna alama iliyonyooka ya kibodi, U+0027. Kuna iliyopinda, U+2019, ambayo programu nyingi za uandishi huiweka zenyewe badala ya ile iliyonyooka. Na kuna U+02BC, iliyokusudiwa pale kibainishi kinapokuwa herufi. Kwa msomaji, ng'ombe ni ng'ombe. Kwa jedwali, hizo ni funguo tatu. Tuseme matini ilichapwa kwa alama iliyopinda, naye mtafiti ameuliza kwa iliyonyooka. Atajibiwa sifuri, na pengine ataandika katika makala yake kuwa mwandishi huyo hakulitumia neno hilo.

Zaidi ya hayo, U+0027 na U+2019 huhesabiwa miongoni mwa alama za uakifishaji, na taratibu nyingi za kuyakata matini katika maneno hukata penye alama. Hapo ng'ombe huwa mitungo miwili, ng na ombe, na ng'ambo huwa ng na ambo. Ufunguo ng hujizolea idadi kubwa, ilhali si neno la Kiswahili hata kidogo.

Mfano wa pili unatoka katika Gĩkũyũ, lakini unahusu pia Kĩkamba. Herufi ũ yaweza kuandikwa kwa njia mbili: kama herufi moja iliyokamilika, au kama u ya kawaida ikifuatwa na alama ya juu inayojiunga nayo. Neno mũndũ lina nambari tano katika njia ya kwanza na saba katika ya pili. Machoni hakuna tofauti yoyote, lakini jedwali litazitenga. Kwa bahati njema Unicode imeweka taratibu za kusawazisha maandishi, na maktaba za Java na Python zinazo. Lakini usawazishaji huo hauvigusi vibainishi vitatu tulivyovitaja. Hivyo ni juu yetu.

Mfano wa tatu ni wa Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu. Yaa ya Kiarabu na yaa ya Kiajemi hazitofautiani kwa sura zikiwa mwanzoni au katikati ya neno, hali nambari zake ni mbalimbali. Kafu nayo ina mambo kama hayo. Watu wawili wakinakili mswada mmoja kwa kibodi tofauti watatupatia matini mbili ambazo jicho halizitofautishi, wala jedwali haliziunganishi.

Mwisho, na hili ndilo kubwa zaidi, kuna mofolojia. Chukua kitenzi soma. Nafsi sita tu, kwa njeo nne za -na-, -li-, -ta- na -me-, zinatoa maumbo ishirini na manne, kabla hatujagusa ngeli, viambishi vya yambwa, urejeshi, ukanushi na mnyambuliko. Jedwali litayatunza yote kama funguo zisizojuana. Kwa hiyo anayelinganisha wingi wa funguo za matini ya Kiswahili na ule wa matini ya Kiingereza, akahitimisha kwamba moja ina msamiati mpana zaidi, hajalinganisha misamiati bali mifumo ya kuunda maneno. Ili kupata neno la kamusi sharti mtungo upitie kwanza katika uchanganuzi wa mofolojia. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki amefanya kazi ya namna hiyo kwa Kiswahili kwa miaka mingi, akianzia na mofolojia ya viwango viwili iliyoasisiwa na Kimmo Koskenniemi mwaka 1983.

8.0 Ufunguo Mmoja, Maneno Mengi

Upande wa pili wa kasoro hii ni mtungo mmoja unaobeba maneno kadhaa. Paa ni mnyama, ni sehemu ya juu ya nyumba, na ni kitendo cha kwenda juu. Mtunga kamusi huyapa vidahizo tofauti. Jedwali lina ufunguo mmoja na idadi moja, ambayo si ya mnyama, wala si ya nyumba, wala si ya kitendo.

Tena, tiba ya kasoro ya kwanza huweza kuizidisha hii ya pili. Tukigeuza herufi zote ziwe ndogo ili mwanzo wa sentensi usitupotoshe, Juma aliye mtu huwa juma la siku saba. Tukifuta vibainishi ili kuondokana na matatizo ya ng', basi ng'oa, kutoa kitu ardhini kwa nguvu, huwa ngoa, ambayo ni wivu au tamaa. Tofauti ambayo fonolojia ya Kiswahili imeilinda tutakuwa tumeifuta kwa ajili ya wepesi wa programu. Njia salama ni kuvigeuza vibainishi vyote viwe kimoja, sio kuviondoa.

Kwa maneno kama paa, maktaba zinatoa msaada ambao watafiti wachache huutumia: ufunguo si lazima uwe mtungo peke yake. Unaweza kuwa jozi ya mtungo na aina au ngeli ya neno, hivi kwamba paa wa ngeli ya 9 na 10, paa la ngeli ya 5 na 6, na paa kitenzi kila kimoja kiwe na shubaka lake. Katika Python jozi hiyo hutumika moja kwa moja. Katika Java mtumiaji huifafanulia jozi usawa wake na hashi yake, akizingatia ile sheria isiyovunjika. Bila shaka, sharti kwanza awepo mtu au utaratibu wa kuamua kila paa katika matini ni yupi.

9.0 Hitimisho

Tumeona kwamba jedwali la hashi hukokotoa mahali pa mtungo, kisha huuliza kama mtungo huo ni sawa na uliomo. Sehemu ya kwanza imefanyiwa kazi kubwa na wanahisabati tangu 1953, nasi twaweza kuitegemea. Sehemu ya pili inategemea maana tunayolipa neno sawa, na maana hiyo haimo katika maktaba yoyote.

Tungependa kupendekeza mambo matatu. Kwanza, mtafiti anayechapisha idadi za maneno aeleze kanuni iliyoziunda funguo zake: vibainishi vilitendwaje, herufi kubwa zilibakizwa au zilipunguzwa, alama za juu zilisawazishwa vipi, na umbo lililohesabiwa ni la matini au la kamusi. Sentensi nne zatosha, na bila hizo idadi hazilinganishiki na za mtu mwingine. Pili, kanuni hiyo itumike kwa matini na kwa swali pia, kwani ufunguo uliosawazishwa hauwezi kufunguliwa na swali lisilosawazishwa. Tatu, kila sifuri ihojiwe. Jedwali halijui kusema kwamba swali limeendelezwa vibaya. Linajua kusema halimo tu. Kabla ya kudai kuwa neno halikutumika, yafaa mtafiti afungue matini yenyewe, asome kurasa chache kwa macho yake, na kuhakikisha kuwa neno analoliona ndilo alilouliza.